Undugu wa Dawati Moja



Katika nchi yetu mtu hulitaja jina la shule aliyosoma karibu kama anavyolitaja jina la ukoo wake. Wawili wakikutana mbali na nyumbani, wakagundua kwamba walivaa sare za shule moja au walifundishwa na mwalimu mmoja, huitana ndugu papo hapo, huulizana habari za wenzao, na mazungumzo hayaishi upesi. Undugu huo wa dawati moja una historia ndefu katika Kongo. Una pia deni lake. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga shule na mafuriko yalipobomoa nyumba za Uvira, deni hilo lilidaiwa. Tafakari hii yaeleza undugu huo ulianzaje, ulijaribiwaje, na namna ya kuuandaa kabla mwaka mwingine mgumu haujatufikia.

Vyama vya kwanza

Mwaka 1925, mjini Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa, Padri Raphaël de la Kethulle wa shirika la Scheut aliwakusanya vijana waliomaliza katika shule za shirika lake, akaanzisha chama cha wanafunzi wa zamani kilichojulikana kwa kifupi kama ADAPES. Watu walimwita Tata Raphaël. Uwanja wa mpira wenye jina lake, ambako Muhammad Ali na George Foreman walipigana ngumi mwaka 1974, ungali unamkumbusha. Waliosoma kwa Mabruda wa Shule za Kikristo na kwa Mabruda Wamaristi nao waliunda vyama vyao.

Vyama hivyo vilikuwa na uzito ambao ni vigumu kuufahamu leo. Serikali ya Wabelgiji haikuruhusu Waafrika kuunda vyama vya siasa mpaka ukoloni ulipokaribia mwisho. Chama cha wanafunzi wa zamani, kikiwa chini ya ulezi wa wamisionari, kiliruhusiwa. Hivyo humo ndimo vijana walimojifunza kuendesha mkutano, kuchagua viongozi, kutunza hazina na kubishana bila kugombana. Jean Bolikango, aliyekuwa mwalimu, aliiongoza ADAPES kwa miaka. Mwaka 1960 alishindana na Joseph Kasavubu katika uchaguzi wa rais wa kwanza wa nchi. Patrice Lumumba naye, alipokuwa karani wa posta huko Stanleyville, ambao sasa ni Kisangani, alijulikana kwanza kwa kuongoza vyama vya wasomi wa mji ule.

Lakini historia hiyo ina upande wa pili, nao tusiufiche. Waliosoma walikuwa wachache. Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, hesabu inayotajwa mara nyingi ya Wakongo waliokuwa na shahada ya chuo kikuu haifiki 30. Wasichana walikuwa wameachwa nyuma kabisa, kwa sababu elimu waliyopewa wengi wao iliishia kwenye mambo ya nyumbani. Serikali ya kikoloni iliwapa wasomi wachache vyeti vya kuwatenga na ndugu zao, kana kwamba kujua kusoma na kula kwa uma kulimwondoa mtu katika ukoo wake. Kwa hiyo chama cha wanafunzi wa zamani kilizaliwa kikiwa na njia mbili mbele yake. Kingeweza kuwa shule ya kuwatumikia watu, na kingeweza kuwa baraza la waheshimiwa wanaopongezana.

Neno la Valencia

Miaka ilipita, na swali hilo likaulizwa waziwazi, tena na mtu ambaye wasikilizaji wake hawakumtazamia aliulize. Tarehe 31 Julai 1973, sikukuu ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola, wanafunzi wa zamani wa shule za Wajesuiti kutoka nchi za Ulaya walikutana Valencia, nchini Hispania. Mkuu wa shirika, Padri Pedro Arrupe, aliwauliza kama shule zilizowalea ziliwafundisha kweli kutenda haki, akakiri kwamba hazikufanya hivyo vya kutosha. Lengo la elimu, aliwaambia, ni kuwaandaa watu kwa ajili ya wengine. Baadhi ya waliomsikiliza walichukizwa, kwa maana walikuja kwenye sherehe wakakuta wanadaiwa.

Aliyesema hayo aliyajua maafa kwa macho yake. Padri Arrupe alisomea udaktari kabla ya kuingia shirikani, na tarehe 6 Agosti 1945, bomu la atomiki lilipoangushwa Hiroshima, alikuwa mlezi wa wanovisi pembeni mwa mji ule. Aliigeuza nyumba ya unovisi kuwa hospitali, na elimu ambayo pengine aliidhani ameiacha nyuma ikawa tegemeo la majeruhi. Basi alipowauliza wasomi kwamba elimu yao ni ya nani, alikuwa ameshalijibu swali hilo kwa mikono yake.

Neno hilo linatuhusu sisi wa mashariki ya Kongo pia. Kolegi Alfajiri ya Bukavu, iliyoanzishwa na Wajesuiti mwaka 1938, imelea vizazi vya vijana wa Kivu. Lakini deni la wasomi si la kolegi moja wala la shirika moja. Shule za nchi hii zimesimama kwa mabega ya wengi. Katika miaka ya Zaire serikali ilizitwaa shule za madhehebu, kisha kwa mkataba wa tarehe 26 Februari 1977 makanisa yakarudishiwa usimamizi wake. Mishahara ya walimu ilipoporomoka katika miaka ya 1990, wazazi ndio waliobeba mzigo. Mama aliyeuza samaki, mihogo au mawese alitoa sehemu ya faida yake ili mwalimu aendelee kusimama mbele ya ubao. Kila mwenye diploma wa miaka ile alisomeshwa na watu ambao wengine wao hawakujua kuandika majina yao.

Mwaka wa milango iliyofungwa

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Tarehe 19 Machi shule na vyuo vilifungwa. Tarehe 24 Machi Rais Félix Tshisekedi alitangaza hali ya dharura. Mikusanyiko ya watu zaidi ya 20 ilikatazwa, ibada za pamoja zikasimama, na matanga yakazuiwa. Marehemu alipelekwa moja kwa moja makaburini akisindikizwa na watu wachache. Watu wa Kivu ya Kusini walikuwa wameshajifunza kunawa mikono na kuacha kupeana mikono kwa sababu ya Ebola, iliyofika hadi Mwenga mwaka 2019. Lakini kufiwa bila kukusanyika lilikuwa jambo gumu kuliko yote, kwa kuwa kwetu tanga ndilo darasa ambamo wenzako huhesabiwa kwa kufika kwao.

Kwa Uvira kufungwa huko kulikuwa na uchungu wa pekee. Mji wetu umeishi daima kwa kuvuka. Bujumbura iko karibu kilomita 30 tu, ng'ambo ya Kavimvira na Gatumba, na familia nyingi zina mguu mmoja huku na mguu mwingine kule. Mpaka ulipofungwa, ndugu walitazamana kwa mbali juu ya maji ya ziwa Tanganyika, na waliokula kwa biashara ya kila siku walikosa riziki.

Kisha, usiku wa tarehe 16 kuamkia tarehe 17 Aprili, siku chache baada ya Pasaka, mvua kubwa ilinyesha milimani. Mto Mulongwe ukafurika, ukashuka mjini na mawe na matope. Makumi ya watu walifariki, maelfu ya nyumba ziliharibika, na makumi ya maelfu walibaki bila makazi. Watu walioambiwa wakae mbalimbali walilazimika kulala wakibanana katika madarasa na nyumba za jamaa. Walioambiwa wanawe mikono kila mara walikosa maji safi, katika mji ambao kipindupindu ni mgeni wa kila mwaka. Shule, zilizokuwa zimefungwa ili kuwaepusha watoto na ugonjwa, zikawa kimbilio la waliokosa paa.

Kilichosalia mkononi

Mkutano ulikatazwa, barabara ilikuwa ngumu na mpaka umefungwa; nini basi kilichosalia kwa watu waliosoma pamoja? Ilisalia simu. Tangu mwaka 2012 M-Pesa ilikuwa imeingia Kongo, na mitandao mingine ya kutuma pesa nayo ilikuwepo. Mtu aliyeko Lubumbashi, Nairobi au Brussels aliweza kutuma kiasi kidogo, na mwenzake wa Uvira akakipokea kwenye kibanda cha jirani dakika ileile. Msaada ambao zamani ungengoja msafiri wa basi au mashua sasa haukuhitaji kuvuka mpaka wowote.

Lakini simu haiwezi kumsaidia mtu ambaye namba yake haimo. Hapa ndipo undugu wa dawati moja hupimwa. Mashirika makubwa hutoa turubai na unga kwa orodha, na orodha huandikwa kwa majina ya waliojitokeza. Mwenye haya hajitokezi. Mwalimu mstaafu aliyezoea kuheshimiwa hapangi mstari upesi. Mjane wa mwanafunzi mwenzenu hajui kama bado mnamhesabu. Aliyekaa nanyi miaka sita darasani anajua nani ana mtoto mgonjwa, nani hujifanya mzima huku amelala na njaa, nani akipigiwa simu atasema hana shida. Ujuzi huo haupo katika ofisi yoyote. Ni hazina ya wanafunzi wa zamani, nayo huoza ikiwa miaka kumi inapita bila kuulizana habari.

Wako pia waliotegemea shule yenyewe. Mwalimu ambaye mshahara wake hutoka katika karo ya wazazi hana mshahara shule ikifungwa. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikaa miezi karibu mitano bila masomo. Walirudi tarehe 10 Agosti ili wajiandae kwa Mtihani wa Serikali, na baadhi yao daftari zao zilikuwa zimechukuliwa na mto. Wengine wote walingoja mpaka tarehe 12 Oktoba. Tarehe 18 Desemba shule zikafungwa tena, na hazikufunguliwa mpaka tarehe 22 Februari 2021. Katika miezi hiyo msichana aliyepelekwa sokoni kuuza ili nyumba ile, au aliyepata mimba, alikuwa katika hatari ya kutorudi darasani kamwe. Kumlipia mtoto mmoja gharama ya mtihani, kumpa daftari, kumpigia simu dada wa darasani na kumwambia kwamba nafasi yake bado ipo: hayo ni matendo madogo, lakini ndiyo yanayoamua kama mtu atamaliza au hatamaliza.

Kuna onyo pia. Kundi lile la simu linaloweza kukusanya franka laweza vilevile kusambaza uvumi. Mwaka ule maneno mengi yalizunguka: kwamba korona ni ugonjwa wa wazungu, kwamba ni hila ya wakubwa wa Kinshasa, kwamba dawa fulani ya majani inamaliza kila kitu. Msomi aliyetuma maneno hayo bila kuyachunguza alitumia heshima ya elimu yake kuwadhuru waliomwamini. Deni la aliyesoma ni pamoja na kunyamaza asipojua.

Kabla ya mvua nyingine

Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hata hivyo, rafiki wa dhiki hatafutwi siku ya dhiki. ADAPES ya zamani ilikuwa na orodha, hazina na siku ya mkutano hata katika miaka ya utulivu, na kwa hiyo ilikuwa na watu wa kuitana jambo lilipotokea. Nasi tukitaka kufaana, yatupasa kuanza na mambo yasiyo na fahari: daftari la majina na namba za simu linalosahihishwa kila mwaka, mchango mdogo wa kila mwezi unaoandikwa na kusomwa mbele ya wote, watu wawili waaminifu wa kushika hazina badala ya mmoja. Haba na haba hujaza kibaba.

Na katika daftari hilo wasiandikwe wenye diploma tu. Yule aliyeacha shule mwaka wa tatu kwa kukosa karo naye alikaa kwenye dawati lile. Yule msichana aliyeolewa mapema naye aliimba wimbo wa shule pamoja nanyi. Chama kinachowasahau hao kinarudia kosa la siku za ukoloni, la kugeuza elimu kuwa ukuta. Kinachowaandika kinaanza kulipa deni kwa wale mama wa soko waliotusomesha sote.

Mulongwe bado unashuka kutoka milimani kila masika. Hatujui ni mwaka gani utafurika tena, wala ni ugonjwa gani utakaofunga milango. Tunayoweza kuyajua tangu leo ni majina ya wenzetu na mahali walipo.

Kwa mazungumzo ya kikundi

1. Taja wanafunzi watano mliosoma nao ambao hujui waliko. Nani kati yetu aweza kuwapata wiki hii?

2. Mwaka 2020 nani aliisaidia familia yako, naye alijuaje kwamba mna shida?

3. Je, katika kikundi chetu wako walioacha shule wanaoona haya kuja? Tufanye nini ili waketi nasi?