Miezi Mitupu: Rekodi za Michango, Fao la Kukosa Ajira na Kibarua wa Pamba wa Shishiyu

Kijana wa Shishiyu, wilayani Maswa, mkoani Simiyu, akipata kibarua katika kiwanda cha kuchambua pamba kinachofuata sheria, jina lake huingia katika rekodi za serikali. Mwajiri hupeleka kwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) asilimia 20 ya mshahara wake, nusu ikikatwa kwake na nusu ikitoka kwa mwajiri. Mwajiri huyo huyo huchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi mwaka 2015, na mshahara ukivuka kiwango cha kodi, Mamlaka ya Mapato (TRA) nayo hupata taarifa zake. Robota la mwisho likishapakiwa, jina hilo halionekani tena. Hakuna karani anayeandika kwamba kijana amerudi kulima dengu na choroko kwenye mbuga za udongo mweusi, au amekwenda Mwanza kuendesha bodaboda, au yuko kwa wazazi wake akisubiri kuitwa. Katika rekodi ya michango hali hizo tatu zina sura moja: miezi mitupu.

Nadai katika makala haya kwamba utafiti wa sera ya ukosefu wa ajira nchini Tanzania uanzie kwenye miezi hiyo mitupu. Rekodi za kiutawala tulizo nazo zinatosha kujibu maswali mazito kuhusu fao la kukosa ajira lililoanzishwa mwaka 2018, maswali ambayo tafiti za kaya haziwezi kuyajibu. Lakini hazitayajibu kwa uaminifu iwapo mtafiti atachukua kila pengo la michango kuwa ni ukosefu wa ajira, na kila mchango unaorejea kuwa ndiyo njia pekee ya kurudi kazini.

Tuanze na tafiti za kaya, maana ndizo tulizozoea. Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) imefanya Utafiti wa Nguvu Kazi mara kadhaa, na miongoni mwake ni ule wa mwaka 2014 na ule wa 2020/21. Tafiti hizo huuliza mtu alifanya nini katika siku saba zilizopita, kisha hutoa viwango viwili vya ukosefu wa ajira, kimoja kwa tafsiri ya kimataifa na kingine kwa tafsiri ya kitaifa, ambayo humhesabu pia mtu aliye tayari kufanya kazi ingawa haitafuti. Ni kazi ya thamani kubwa. Hata hivyo, mdadisi akifika Shishiyu wakati wa palizi atakuta kila mtu shambani na ataandika kwamba wote wana kazi. Akija baada ya mavuno atapata picha nyingine. Wala hatamkuta mhojiwa yule yule miaka sita baadaye ili amuulize amepitia kazi zipi. Historia ya kazi ya mtu mmoja, mwezi baada ya mwezi kwa miaka kumi, hukusanywa na mfumo wa michango bila mtu huyo kulazimika kukumbuka chochote.

Nchi zilizotangulia katika jambo hili zimejenga elimu kubwa juu ya rekodi za aina hiyo. Austria inazo kumbukumbu za hifadhi ya jamii zinazorudi nyuma hadi mwaka 1972. Ujerumani ilifungua mwaka 2004, mjini Nürnberg, kituo kinachowaruhusu watafiti kutumia rekodi za ajira zilizoondolewa majina. Utafiti wa David Card, Raj Chetty na Andrea Weber kuhusu Austria, uliochapishwa mwaka 2007, unatuhusu moja kwa moja. Wakati huo mfanyakazi wa Austria aliyeachishwa baada ya kutimiza miezi 36 kwa mwajiri mmoja alilipwa kiinua mgongo cha mishahara ya miezi miwili, na aliyeachishwa akiwa na miezi 35 hakulipwa. Watu wa pande mbili za mstari huo wanafanana kwa karibu kila jambo, kwa hiyo tofauti inayoonekana baadaye inaweza kuhusishwa na fedha zile. Watafiti hao walikuta kwamba waliolipwa walipata kazi mpya kwa kasi iliyopungua kwa asilimia 8 hadi 12. Malipo yenyewe hayakuwa na sharti la kuendelea kukaa bila kazi, hivyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kujichelewesha ili aendelee kulipwa. Fedha za mkononi ziliwapa nafasi ya kutafuta bila kukurupuka.

Tanzania nayo inao mstari wa namna hiyo. Sheria ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma ya mwaka 2018 iliunganisha mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF kuwa PSSSF, na pia ikaleta fao la kukosa ajira kwa wanachama wa PSSSF na wa NSSF. Mwanachama aliyechangia miezi isiyopungua 18, akipoteza kazi pasipo kujiuzulu, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa muda usiozidi miezi sita. Aliyechangia chini ya miezi 18 hurudishiwa sehemu ya michango kwa mkupuo. Fao hilo lilichukua mahali pa fao la kujitoa, yaani kuchukua michango yako baada ya kuacha kazi, ambalo wafanyakazi walilipenda na kulitetea kwa nguvu. Mwaka 2012 marekebisho ya sheria yalipolizuia, wafanyakazi wa migodini walikuwa mstari wa mbele kupinga, na zuio likasitishwa. Historia hiyo isisahaulike: wanachama walikuwa na hofu ya kweli kwamba fedha zao zingefungiwa wakati wakiwa na njaa.

Sasa chukua wafanyakazi wawili wenye mshahara wa shilingi 300,000. Mmoja ameachishwa akiwa na michango ya miezi 17, mwingine ya miezi 18. Wa pili atapata takriban shilingi 100,000 kwa mwezi, jumla yake 600,000 ikiwa atakaa bila kazi kwa miezi yote sita. Wa kwanza atapokea mkupuo tu. Tukiwafuata wote wawili katika rekodi tutaweza kuuliza nani alirudi kuchangia mapema, kwa mshahara gani, na kwa mwajiri wa aina gani. Nimesikia hoja nyingi kuhusu fao hili, za wanaosema ni dogo mno na za wanaosema litazoesha watu uvivu. Karibu zote zinatolewa bila jedwali hata moja, ilhali fao linalipwa tangu 2018 na kila malipo yana kumbukumbu.

Kuna tahadhari ambazo mtafiti hawezi kuziruka. Waajiri nao wanaujua mstari wa miezi 18, na mikataba ya muda maalumu huandikwa kwa miezi kamili. Ikiwa ajira nyingi zinakoma mwezi wa 12 au wa 24, watu wa mwezi wa 17 watakuwa wachache na pengine wa aina ya pekee. Hilo likaguliwe kabla ya ulinganisho wowote.

Tahadhari ya pili ni chanzo cha pengo lenyewe. Mchango hukosekana kwa sababu mtu hana kazi, lakini pia kwa sababu mwajiri amemkata mfanyakazi fedha na hajaziwasilisha. Katika hali hiyo ya pili mfanyakazi aliamka kila siku akaenda kazini, na rekodi inamwita asiye na ajira. Hapo rekodi za TRA zinasaidia: kodi ya mshahara ikiwa imelipwa mwezi ambao mchango haupo, tunajua kwamba tunaangalia deni la mwajiri. Msaada huo hauwafikii wa chini, kwa kuwa mshahara usiozidi shilingi 270,000 kwa mwezi haukatwi kodi, na vibarua wengi wa pamba wako humo. Kwao inabaki orodha ya WCF, na kwa maoni yangu kuoanisha orodha hiyo na ya NSSF kungekuwa na faida kubwa kwa gharama ndogo.

Mapengo mengine yana sababu za kisiasa. Mwezi Aprili 2017 serikali ilitangaza watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa katika utumishi wa umma. Asiyejua habari hiyo ataiona michango ikikatika kwa wingi na atadhani pametokea msukosuko wa uchumi.

Kuunganisha rekodi kuna ugumu wake, na mkoa wa Simiyu una wa kwake. Jina la Kisukuma lenye ng' huandikwa na karani mmoja kwa alama ya ritifaa, na mwingine bila alama, na wa tatu kwa n peke yake, hivyo kompyuta huona watu watatu. Kinyume chake, Kulwa na Doto ni pacha: wamezaliwa siku moja, baba mmoja, kijiji kimoja, mara nyingine wako kiwanda kimoja. Programu inayolinganisha tarehe ya kuzaliwa na jina la ukoo itashawishika kuwafanya mtu mmoja mwenye kazi mbili. Namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) inatatua sehemu kubwa ya tatizo hili kwa rekodi za sasa. Rekodi za zamani, za wakati NSSF na PPF zikigombea wanachama wa sekta binafsi na mtu mmoja akiwa na namba ya uanachama kila upande, zitahitaji macho ya binadamu, na ni vyema awe anayejua majina ya eneo.

Ugumu ulio mkubwa kuliko wote ni wapi mtu huenda akitoka kwenye rekodi. Kule Austria, Card, Chetty na Weber walionyesha katika makala nyingine ya mwaka 2007 kwamba wengi wanaotoka kwenye daftari la wasio na ajira fao linapokwisha hawatoki kwa kupata kazi. Wanaacha tu kujiandikisha. Kwetu kosa linaweza kwenda upande wa pili. Kibarua aliyerudi Shishiyu akalima ekari mbili za pamba anafanya kazi ngumu kuliko ile ya kiwandani, na katika rekodi ya NSSF ataonekana hana kazi mpaka siku atakapochangiwa tena, pengine asichangiwe kamwe. Tukipima mafanikio ya fao kwa kurudi kwenye michango peke yake, mkoa mzima wa Simiyu, wenye watu 2,140,497 kwa sensa ya 2022 na wakulima wa pamba wasio na kifani nchini, utaonekana kama shimo.

Daftari la kuziba shimo hilo lipo kijijini. Vyama vya ushirika vya msingi, AMCOS, hupima pamba ya mkulima na kuandika jina, kilo na fedha. Bodi ya Pamba ina orodha za wakulima kwa ajili ya pembejeo. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) una malipo ya ajira za muda kwa kaya za walengwa, zilizokuwa zikilipwa shilingi 2,300 kwa siku katika awamu ya kwanza ya mpango wa kunusuru kaya maskini. Mtafiti akumbuke tu kwamba TASAF huandikisha kaya, na anayepokea fedha mara nyingi ni mama, hata pale ambapo aliyeshika jembe ni kijana wake.

Hapa ninasita kwa sababu ya historia. Kipande cha wakoloni, ambacho nchini Kenya mwanamume alikivaa katika kikebe cha chuma shingoni, kilikuwa rekodi kamili ya ajira: mwajiri, mshahara, tarehe ya kuanza na kuacha. Kiliwasaidia waajiri kumsaka aliyetoroka. Wasukuma waliopelekwa mashamba ya mkonge ya Tanga wakiwa manamba nao walihesabiwa siku zao za kazi kwa kadi. Baada ya uhuru, Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilitaka kila mwenye uwezo wa kufanya kazi aandikishwe, na watu wa Dar es Salaam walioitwa wazururaji wakakamatwa na kurudishwa vijijini. Ile nayo ilikuwa sera ya ukosefu wa ajira iliyotegemea daftari. Mtu wa Shishiyu ana haki ya kuuliza kama kilo zake za pamba, zikioanishwa na namba yake ya NSSF, zitatumika kesho kumnyima fao kwa madai kwamba ana shamba.

Jibu linapaswa kuwekwa katika kanuni kabla ya faili la kwanza kufunguliwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatoa msingi. Uoanishaji ufanyike ndani ya NBS, majina na namba vikiondolewa kabla mtafiti hajaona chochote, na matokeo yatoke kwa majedwali ya makundi. NSSF isirudishiwe kamwe faili lililooanishwa kwa mtu mmoja mmoja.

Kwa ulinzi huo, swali la kwanza ambalo ningependa liulizwe ni la kibarua wa msimu. Akichangiwa miezi mitatu kila msimu, anahitaji misimu sita kutimiza miezi 18, ikiwa hakuchukua michango yake katikati. Kati ya mwisho wa kuchambua pamba na ununuzi wa msimu unaofuata, unaofunguliwa kwa kawaida mwezi Mei, kuna miezi isiyopungua sita. Muda wa fao unalingana vizuri na muda wake wa ukame, na kizingiti kinamweka nje. Jedwali la wanachama walioajiriwa na viwanda vya kuchambua pamba tangu 2018, likionyesha miezi waliyochangiwa kila mwaka na wangapi waliwahi kufika 18, linaweza kutengenezwa kwa rekodi ambazo NSSF inazo leo, bila kuoanishwa na daftari lolote la kijijini. Likionyesha kwamba karibu hakuna anayefika, basi kwa kibarua huyu mfumo ni makato bila bima, na wabunge wa Simiyu watakuwa na hoja ya kupeleka Dodoma kuhusu kuhesabu misimu badala ya miezi.