Siku ya Tatu Mpe Jembe: Mgeni katika Timu ya North Carolina, 1981–82

Tarehe 29 Machi 1982, katika ukumbi wa Superdome mjini New Orleans, zaidi ya watu 61,000 walimwona mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akirusha mpira kutoka upande wa kushoto, zikiwa zimesalia chini ya sekunde 20. Mpira uliingia, na Chuo Kikuu cha North Carolina kikaifunga Georgetown pointi 63 kwa 62 na kuwa bingwa wa mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani. Kijana huyo alikuwa Michael Jordan, mwenye umri wa miaka 19. Mtupo huo husimuliwa kama mwanzo wa safari ya mtu mmoja. Mimi nauona kama kazi ya wenyeji waliojua kumpokea mgeni, na katika insha hii nitaeleza walivyompokea.

Mwaka mmoja kabla, North Carolina ilikuwa imefika fainali na kufungwa na Indiana pointi 63 kwa 50. Al Wood, mmoja wa wafungaji wake wakubwa, akamaliza masomo na kuondoka. Wakabaki James Worthy, Sam Perkins, Matt Doherty na Jimmy Black, na nafasi moja ikawa wazi. Kocha Dean Smith alikuwa anaiongoza timu tangu 1961. Aliifikisha kwenye nne bora mara sita bila kutwaa kombe. Black alikuwa mwaka wa mwisho, kwa hiyo hiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Wanne hao walitakiwa kumwamini mtu ambaye hawajawahi kucheza naye mechi hata moja.

Zamani jambo hili lisingetokea. Hadi 1972, kanuni za michezo ya vyuo nchini humo hazikumruhusu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kuchezea kikosi kikubwa cha mpira wa kikapu. Alicheza na wageni wenzake, akawatazama wakubwa kwa mwaka mzima, akajifunza desturi za timu polepole. Kanuni ilipobadilishwa, mwaka huo wa kujifunza ukapotea. Makocha wakabaki na swali: mgeni atakuwaje mwenyeji ndani ya miezi michache?

Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Smith alifanya hivyo hasa. Msimu ulipokaribia, jarida la Sports Illustrated lilitaka picha ya timu kwa ajili ya jalada lake. Smith aliwatoa wachezaji wanne wa zamani, akamwacha Jordan. Safarini, wachezaji wa mwaka wa kwanza ndio waliobeba projekta ya kuonyeshea filamu za mechi, na mazoezini ndio waliokimbilia mipira iliyopotea. Kipaji hakikumpa mtu ruhusa ya kukwepa kazi hizo.

Tukiishia hapo, tutasema kwamba siri ya timu ile ni kuwashusha wageni. Lakini utaratibu wa Smith ulikuwa na upande wa pili. Jordan, aliyenyimwa jalada na kubebeshwa projekta, alianza kucheza tangu mechi ya kwanza ya msimu, kwa sababu uwezo wake ulistahili. Tena kulikuwa na desturi zilizomhusu kila mchezaji. Aliyefunga alimnyooshea kidole aliyempa pasi, ili ukumbi mzima ujue. Aliyechoka aliinua ngumi, akatolewa, na alipopata nguvu aliomba mwenyewe kurudi. Aliyetoka uwanjani alipokelewa na benchi likiwa limesimama. Katika mechi ya mwisho ya nyumbani, wanafunzi wa mwaka wa mwisho walianza mchezo, hata wale ambao kwa kawaida hawakupata dakika. Kwa hiyo mgeni alijua anadaiwa nini na atapata nini, na mkongwe naye alijua kwamba miaka yake haitasahaulika.

Sasa turudi kwenye fainali. Zikiwa zimesalia sekunde 32, North Carolina ilikuwa nyuma kwa pointi moja, na Smith akaomba mapumziko. Georgetown ilikuwa na kila sababu ya kumlinda Worthy, aliyefunga pointi 28 siku hiyo. Walipojazana karibu na kikapu, Jordan akabaki peke yake pembeni. Aliyempa pasi ni Jimmy Black, yule wa mwaka wa mwisho. Mtu ambaye hakuwa na msimu mwingine aliuweka wake mikononi mwa mtoto wa mwaka wa kwanza.

Yupo atakayenitajia Michigan. Tarehe 9 Februari 1992 timu hiyo ilianza na wachezaji watano, wote wa mwaka wa kwanza, wakaifunga Notre Dame na kufunga pointi zote za timu yao. Msimu huo walifika fainali. Ni kweli, wageni watano wanaweza kuelewana haraka, hasa kwa kuwa wawili wao, Chris Webber na Jalen Rose, walikuwa wamefahamiana Detroit tangu utotoni. Lakini fainalini walikutana na Duke, bingwa mtetezi aliyekuwa na wakongwe kama Christian Laettner, wakafungwa 71 kwa 51. Vijana wale walizoeana wao kwa wao. Kazi ya North Carolina ilikuwa ngumu zaidi: kuunganisha rika mbili.

Kazi hiyo ndiyo tuliyo nayo sisi. Nachezea timu ya chuo hapa Kigali, na msimu huu saba kati yetu kumi na wawili ni wapya. Katika timu nyingi ninazozifahamu, mwaka wa kwanza hufua jezi za wakubwa na kubeba maji, halafu hukaa benchi mwaka mzima, eti wafunzwe adabu. Wengi huacha kabla ya mitihani ya kwanza, na wakubwa husema hawakuwa na moyo. Tumechukua nusu ya methali tu. Anayepewa jembe hupewa pia sehemu ya shamba, na wakati wa mavuno huhesabiwa kuwa mmoja wa wenye nyumba. Mwaka huu wabebe mipira, sawa. Lakini anayestahili kuanza aanze, na akikupa pasi ukafunga, mnyooshee kidole.