Ndovu wa Mapango ya Mlima Elgon

Ndovu wa Mlima Elgon ni ndovu wa Afrika wanaoishi katika misitu ya mlima huo, mpakani mwa Kenya na Uganda, na wanaojulikana kwa tabia yao ya kuingia mapangoni usiku kuchimba chumvi. Upande wa Kenya, mlima umo katika kaunti ya Trans Nzoia, ambayo makao yake makuu ni Kitale, na kaunti ya Bungoma. Mapango mashuhuri ni Kitum, Makingeny, Chepnyalil na Ngwarisha, yaliyomo ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Elgon, iliyoanzishwa mwaka 1968.

Tabia

Mvua nyingi ya mlimani huondoa sodiamu udongoni, hivyo majani wanayokula ndovu hukosa chumvi ya kutosha. Chumvi hiyo hupatikana ndani ya miamba ya volkeno. Pango la Kitum linapenya mlimani kwa takriban mita 200. Gizani humo ndovu hupapasa njia kwa mkonga, hubomoa mwamba kwa pembe, kisha huokota vipande, huvisaga kwa magego na kuvimeza. Ndama huandamana na mama zao katika safari hiyo yenye hatari: ndani ya Kitum mna ufa mrefu ambamo baadhi yao walitumbukia wakafa. Uchimbaji wa vizazi vingi umeyapanua mapango.

Utafiti

Msafiri Joseph Thomson, aliyefika Elgon mwaka 1883, alidhani mapango yalichimbwa na watu wa kale. Mwanabiolojia Mwingereza Ian Redmond, aliyewahi kufanya kazi na Dian Fossey miongoni mwa sokwe wa milimani nchini Rwanda, alianza kuwachunguza ndovu hao katika miaka ya 1980. Watafiti huingia kwa tahadhari, kwani popo wa Kitum wamepatikana na virusi vya Marburg.

Uhifadhi

Katika miaka hiyo ya 1980 majangili waliua ndovu wengi wa Elgon. Hasara yake haipimwi kwa idadi ya mizoga peke yake. Ndama huijua njia ya pango kwa kumfuata mama. Jike mzee anapouawa kwa ajili ya pembe, familia hupoteza kiongozi na mwalimu pia. Kuwalinda ndovu wa Elgon ni kulinda uhai wao pamoja na ujuzi wanaorithishana.