Kompyuta ya gemu kwa bajeti ndogo: kipi kilipiwe kwanza

BUJUMBURA – Kijana wa Buyenzi au Bwiza anayetaka kompyuta ya kupakata yenye nguvu ya kuendesha gemu nzito, kwa kawaida ana nafasi moja tu ya kununua. Fedha zimekusanywa kwa miezi mingi, pengine pamoja na mchango wa kaka au shangazi aliyeko Ubelgiji au Kanada. Mashine yenyewe mara nyingi imekwisha kutumika, na dhamana, ikiwepo, ni ya siku chache. Akikosea, ataishi na kosa hilo kwa miaka, kwani mashine hiyohiyo ndiyo atakayoandikia kazi za chuo na, akijaliwa, kuhariria video za harusi za mtaani.

Jambo la kuelewa kabla ya yote ni kwamba kompyuta ya mezani hujengwa kipande kwa kipande, lakini ya kupakata huja imekwisha fungwa. Katika karibu mashine zote za miaka ya karibuni, prosesa na kadi ya michoro zimelehemiwa kwenye ubao mkuu na hazing'oki. RAM na diski, kinyume chake, katika mashine nyingi za gemu hubadilishwa kwa bisibisi na dakika ishirini za uvumilivu. Kwa hiyo fedha ziende kwanza kwenye kile ambacho hakitabadilishwa kamwe.

Wauzaji hutaja vitu kwa mpangilio wa kinyume. Utasikia “Core i7, RAM 16, SSD 512”, nayo kadi ya michoro, ambayo wengi madukani huiita kwa Kifaransa carte graphique, itatajwa mwisho au haitatajwa kabisa. Neno “gaming” nalo limekuwa kama neno “orijino” kwenye viatu: kila mwenye taa nyekundu kwenye kibodi hulibandika.

Kadi hiyo ndiyo inayochora kila picha inayoonekana kwenye skrini. Mashine za kawaida za ofisini hazina kadi inayojitegemea. Kazi hiyo hufanywa na sehemu ndogo iliyomo ndani ya prosesa, inayoazima kumbukumbu kutoka kwenye RAM. Kwa gemu nyepesi hiyo hutosha. Lakini tukichukua EA Sports FC 25, gemu ya kandanda inayopendwa na wengi, watengenezaji wake waliweka kima cha chini kuwa kadi ya GTX 1050 Ti yenye kumbukumbu ya GB 4, RAM ya GB 8 na nafasi ya GB 100 kwenye diski.

Mwenye bajeti ndogo basi aanze kutafuta GTX 1650, iliyotoka mwaka 2019 ikiwa na GB 4. Akiweza kuongeza kidogo, asiongeze kwa ajili ya i7 wala taa; aongeze apate kadi yenye GB 6, kama GTX 1660 Ti au RTX 2060. Na hapa namba hudanganya. RTX 3050 ya mwanzo ni mpya kuliko RTX 2060, lakini ina GB 4 tu, na katika gemu nyingi ile ya zamani humshinda mdogo wake.

Kuna mtego mwingine usioandikwa kwenye boksi. Kadi ya jina moja inaweza kupewa umeme mwingi au kidogo kulingana na mashine ilimowekwa. RTX 3060 ya kompyuta za kupakata iliruhusiwa kuwekwa kuanzia wati 60 hadi 115, na tofauti ya kasi baina ya ncha hizo huonekana kwa macho. Mnunuzi ageuze chaja asome maandishi yake. Mashine nyembamba yenye kadi kubwa na chaja ya wati 90 haiwezi kuitumia kadi hiyo ipasavyo, maana umeme wenyewe hautoshi.

Kuhusu prosesa, soma namba zinazofuata kistari. Katika i5-10300H, 10 ni kizazi, na H huonyesha prosesa ya nguvu. Herufi U huonyesha ile iliyoundwa kubana betri. Core i7 ya kizazi cha nne imepitwa mbali na i5 ya kizazi cha kumi, ingawa bado inauzwa kwa jina lake kubwa. Aidha Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa upande wa Intel, hukubali rasmi kuanzia kizazi cha nane. Kwa upande wa AMD, Ryzen 5 4600H au 5600H, zenye viini sita, ni chaguo zuri.

RAM na diski hazihitaji maneno mengi. GB 8 ni mwanzo unaovumilika. Baadaye ongeza kipande cha pili, kwani vipande viwili hufanya kazi kwa kasi kuliko kimoja. Kwanza uliza kama mashine ni ya DDR4 au DDR5, maana hivyo viwili haviingiliani. Diski iwe SSD. Skrini ya Hz 144 haina faida kwa kadi inayotoa picha 50 kwa sekunde.

Njia moja haijulikani sana. Kampuni za nje hubadilisha kila baada ya miaka michache kompyuta za wahandisi wao, kama Dell Precision, HP ZBook na Lenovo ThinkPad P, nazo huuzwa zikiwa zimetumika. Nyingi zina kadi za Quadro, jina ambalo wachezaji hulipuuza. Quadro T2000 imejengwa juu ya kipande kilekile cha GTX 1650. Mashine hizi hufunguka kwa urahisi na zina mwili imara. Ila hakikisha haijafungwa kwa nywila ya kampuni iliyoimiliki.

Yanabaki joto na umeme, na kwetu haya ni nusu ya hesabu. Jiji liko kando ya Ziwa Tanganyika, na hewa ya mchana ni ya moto hata kabla mashine haijawashwa. Prosesa ikikaribia nyuzi 100, hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na gemu huanza kukwama. Vumbi la kiangazi huziba feni. Tenga kiasi kidogo cha fedha kwa fundi aisafishe na kubadilisha krimu ya kupitisha joto.

Umeme wa REGIDESO ukikatika, mashine hushusha nguvu zake, kwani betri haiwezi kuilisha kadi kama chaja. Betri ya Wh 50 kwenye mashine inayokula wati 100 ni nusu saa. Inveta ndogo ya sola iliyowekwa kwa ajili ya taa na televisheni haitaimudu chaja ya wati 180. Kidhibiti cha umeme, kinachozuia kupanda na kushuka kwa ghafla, kiingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo, hata ikilazimu kushuka daraja moja la kadi.

Kabla ya kulipa, andika dxdiag kwenye sehemu ya kutafutia uone jina halisi la kadi. Amri ya powercfg /batteryreport hutoa taarifa ya uchakavu wa betri. Kisha omba gemu iendeshwe nusu saa, si dakika tano, kwa sababu joto huchelewa kupanda.

Kwa anayeletewa na ndugu: mashine ya Ubelgiji huja na kibodi ya AZERTY na plagi inayoingia kwenye soketi zetu, ya Dubai kwa kawaida huwa na QWERTY na plagi ya miguu mitatu bapa, itakayohitaji adapta. Betri ya akiba ibebwe kwenye mkoba wa mkononi ndani ya ndege, na isizidi Wh 100.