Linux inapokataa kuweka programu: shida zinazojirudia ku mashini za Goma

Ku Birere na ku vibanda vya mafundi vya kandokando ya barabara, kompyuta nyingi zinazouzwa zimekwisha kutumiwa kwingine: Ulaya, Dubai ao Kampala. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10 kwa kawaida, na mashini nyingi za namna hiyo haziwezi kupokea Windows 11 juu prosesa yao ni ya zamani. Njo maana kuko mafundi wanaopendekeza Linux: Ubuntu, Linux Mint ao Debian. Ni ya bure, haiombi leseni, na vile virusi vya Windows vinavyotembea ku kle USB toka sekretarieti moja hadi ingine haviisumbui.

Kuiweka yenyewe hakuchukuaka hata saa moja. Shida inaanzaka kisha. Mwanafunzi anataka programu ya takwimu kwa ajili ya TFC yake, mwandishi wa redio anataka Audacity ya kukata sauti, na mashini inajibu kwa mstari wa Kifaransa unaoanza na herufi E na nukta mbili. Mega zimeisha, programu haijaingia. Wengi wanarudisha mashini kwa fundi na kulipa mara ya pili, wakati shida nyingi za aina hii zinamalizwa na amri moja ao mbili.

Ghala, si file la .exe

Mtu aliyezoea Windows anatafutaka file la .exe ku intaneti, analifungua mara mbili, anangoja. Ku Linux file hilo halifanyi kazi, hata ukilibonyeza mpaka kesho. Programu zinatoka mu ghala kubwa liko ku intaneti, na mashini yako inabeba orodha tu ya vitu viko ndani ya ghala. Anayechukua vitu anaitwa apt. Programu moja inakuja mu pakiti, na mara nyingi inaitisha pakiti zingine za kuisaidia.

Sasa orodha ikiwa ya zamani, ao haijawahi kushushwa, mashini itasema « Impossible de trouver le paquet ». Hiyo si kusema programu haiko. Fungua terminali, andika:

sudo apt update

Amri hii haiongezi programu yoyote, inarudisha upya orodha tu. Kisha: sudo apt install audacity. Jina liandikwe kwa herufi ndogo zote. « Audacity » yenye A kubwa haitapatikana.

Kitu kingine kinachoshangaza wageni: ukiandika neno la siri mu terminali, mara nyingi hakuna kitu kinachoonekana, hata nyota. Kibodi haijaharibika, andika tu na ubonyeze Entrée. Lakini kama inakataa mara tatu, chunguza kibodi yenyewe. Mashini zilizotoka Ubelgiji na Ufaransa ziko na kibodi ya AZERTY, zile za Dubai na Kampala ni QWERTY, na fundi aliyechagua kibodi mbaya wakati wa kuweka Linux anakuachia neno la siri lenye A iliyogeuka Q. Liandike kwanza mahali linapoonekana, kwa mufano mu file tupu, uone herufi gani zinatoka, kisha lifute. Na mashini ikiongea Kifaransa, jibu la « ndiyo » ni O, ya Oui.

Umeme ukikatika katikati

Hii njo shida ya Goma kuliko zote. Mji unapata umeme wa SNEL, wa Virunga Energies unaotoka ku mtambo wa Matebe, Rutshuru, na wa makampuni mengine kama Nuru inayotumia jua. Laini zinapita mahali pa vita, na mwishoni mwa Januari 2025, mapigano yalipoingia mjini, watu walibakia gizani. Hata siku za amani umeme unakwenda na kurudi. Laptopu ya zamani yenye betri iliyokufa inazimika palepale, na kama ilikuwa inaweka programu, pakiti zinabakia nusu ndani, nusu inje.

Ukiiwasha tena, apt inakataa kila kitu na kusema « dpkg a été interrompu ». Dpkg ni mfanyakazi wa chini ya apt, yeye njo anafungua pakiti na kupanga vitu. Mashini yenyewe inakuandikia dawa mu ujumbe uleule, lakini wengi hawasomi mpaka mwisho:

sudo dpkg --configure -a

Amri hiyo inamaliza kazi iliyoachwa njiani. Ikifuatwa na sudo apt --fix-broken install, inaleta pia pakiti za kusaidia zilizokosekana. Usianze kufuta kitu kwa mkono mbele ya kujaribu hizo mbili. Na kama ni upakuaji tu uliokatika, usihuzunike juu ya mega zako: apt inachunga vipande ilivyokwisha kushusha, na ukirudia amri ileile inaendelea pale ilipofika.

« Verrou »

Saa zingine apt inalalamika haiwezi kupata kufuli, « verrou », mu /var/lib/dpkg/lock-frontend. Maana yake kuko programu ingine inayotumia ghala wakati uleule. Mara nyingi ni Ubuntu yenyewe, inayojisasisha kimyakimya nyuma. Ngoja dakika kumi, jaribu tena. Kuko maelezo mengi yanayotembea ku WhatsApp yanayosema ufute file la kufuli. Ni shauri baya: ukilifuta wakati ile programu ingine ingali inaandika, watakuwa wawili wanaopanga rafu moja, na siku hiyo fundi utamlipa kweli.

Huku kujisasisha kimyakimya ni mwizi wa mega. Mu mipangilio ya mtandao ya Ubuntu, ku Wi-Fi ya simu yako, kuko sehemu ya kusema kwamba muunganisho huu unalipiwa kwa kipimo. Iwashe. Kwa zile programu zinazokuja kwa njia ya snap, Firefox ya Ubuntu ikiwa mojawapo, amri sudo snap refresh --hold inazisimamisha mpaka wewe mwenyewe uamue. Lakini siku umepata muunganisho mzuri ku kazi ao ku chuo, sasisha, juu marekebisho ya usalama yanapitia njia hiyohiyo.

Saa mbaya, programu inakataliwa

Ndani ya kompyuta kuko betri ndogo ya mviringo, sana sana ni ile ya CR2032, inayochunga saa wakati mashini imezimwa. Ku mashini za mitumba imekufa mara nyingi. Saa inarudi nyuma, pengine miezi, pengine miaka. Apt ikiangalia orodha ya ghala inakuta imetiwa sahihi ku tarehe ambayo, kwa mashini, haijafika, na inaikataa: file la Release halijaanza kuwa halali. Firefox nayo inaanza kusema kila tovuti ni ya hatari. Watu wanashtaki mtandao, wananunua forfe ingine, na shida inabaki palepale.

Andika date uone. Kama si ya leo, irekebishe mu mipangilio, ao kwa amri kama sudo date -s "2025-11-20 09:15" ukiweka tarehe yako, kisha rudia apt update. Betri mpya ni ya bei ndogo, na ni matengenezo mazuri kuliko kurekebisha saa kila asubuhi.

Hapa kuko kosa la kikwetu kabisa. Wakati wa kuweka Linux mashini inaomba mji, na mtu anabonyeza Kinshasa juu njo mji mkuu. Lakini Kinshasa iko saa moja nyuma ya Goma. Kwa Kivu, Ituri na mashariki yote, mji wa kuchagua ni Lubumbashi. Anayetaka kusahihisha: sudo timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi.

404

Ukiona 404 mu mistari mingi, fikiria umri wa mfumo wako. Ubuntu inatoka kila miezi sita, lakini matoleo ya kawaida yanahudumiwa miezi tisa tu. Yale ya LTS, yanayotoka Aprili ya miaka miwili miwili, yanahudumiwa miaka mitano: 22.04 inafika 2027, 24.04 inafika 2029. Fundi anayezunguka na kle ya 24.10, toleo lililoisha Julai 2025, anauza mashini ambayo ghala lake limehamishwa. Linapatikana ku old-releases.ubuntu.com, na kubadilisha anwani hiyo ndani ya /etc/apt kunasaidia kwa muda, lakini dawa ya kweli ni kuchunga kazi zako ku diski ya inje na kuweka toleo la LTS. Ku kununua, uliza namba ya toleo mbele ya kutoa dola.

Na uliza pia kama mashini ni ya biti 64. Amri uname -m ikijibu i686 ku mashini ya zamani sana, Ubuntu ya leo haiwezi kuingia, hata Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena namna ya kuweka ya biti 32. Lakini fundi wa zamani pengine aliweka tu Linux ya biti 32 ku prosesa ya biti 64. Andika lscpu, angalia mstari wa op-mode: ukiona 64-bit, mashini ni nzima.

Diski ikijaa, df -h inaonyesha, sudo apt clean na sudo apt autoremove zinafungua nafasi. Hiyo haina siri.

Kushusha mara moja kwa mashini kumi

Ku chuo ao ku redio yenye mashini nyingi, hakuna sababu ya kila mmoja kulipa mega zake. Mashini moja ishushe bila kuweka:

sudo apt-get install --download-only audacity vlc

Pakiti zitakuwa mu /var/cache/apt/archives. Zikopi ku kle, peleka ku mashini ya pili, ingia ndani ya kartabu lile na andika sudo apt install ./*.deb. Ile nukta na mshazari ni ya lazima, bila hiyo apt itatafuta jina mu ghala. Mashini zote ziwe za toleo moja na biti zilezile. Ile ya kushushia iwe mpya, haijaongezewa kitu, juu apt haishushi pakiti ambayo tayari iko nayo, na mashini ya pili itaikosa. Kitu kingine: amri fupi ya apt inafuta pakiti kisha ya kuziweka, apt-get inazichunga. Kwa kugawa, tumia apt-get.

Usichanganye pakiti za Debian na za Ubuntu, hata kama zote zinaishia na .deb.

Kama yote yameshindikana, piga picha ya terminali mbele ya kufunga dirisha, na mstari wa kwanza wenye E: uonekane, si wa mwisho. Ongeza jibu la cat /etc/os-release. Kwa hizo picha mbili fundi mwaminifu anaweza kukuambia ku simu kama ni kazi ya dakika tano ao ni ya kuleta mashini.