Saa ya Marehemu Baba, na Namna ya Kuichagua Saa ya Ufunguo



Wiki iliyopita mtoto wa ndugu yangu, kijana aliyezaliwa hapa Maskati, alinijia na maswali mawili. La kwanza: anataka kununua saa ya mkono ya ufunguo, isiyotumia betri, achague ipi? La pili: kwa nini saa ya marehemu babu yake imo sandukuni wala haivaliwi? Nilimwambia kuwa maswali hayo ni mamoja, na jibu lake ni hili ninaloliandika.

Wazee wetu siku yao ilianza Magharibi. Jua likichwa, akrabu za saa hupelekwa kwenye kumi na mbili, na usiku ukaanza kuhesabiwa. Unguja iko karibu na Ikweta, na jua huchwa takriban wakati mmoja mwaka mzima; ndiyo maana hesabu ya Kiswahili iliweza kutulia pale pale bila kusogezwa. Hapa Maskati, baina ya kipusa cha baridi na ukali wa joto, Magharibi husogea kwa muda wa saa moja na nusu hivi, na aliyefuata hesabu hiyo hakuwa na budi kuirekebisha saa yake mara kwa mara. Kwa mtu wa namna hiyo, saa kupoteza dakika mbili tatu kwa siku haikuwa aibu. Jua lilikuwa bwana, na saa mtumishi wake.

Wakati wa dola ulikuwa mwingine. Tarehe 27 Agosti 1896, muda aliopewa Sayyid Khalid bin Barghash na Waingereza wa kuondoka katika jumba la kifalme ulimalizika saa tatu asubuhi. Dakika mbili baadaye mizinga ya manowari ikalia, na kabla ya saa nne vita vilikwisha. Mnara wa saa uliosimama mbele ya Beit al-Ajaib uliharibiwa siku hiyo. Tangu hapo dakika ikawa na uzito ambao wazee hawakuujua.

Saa ya mkononi ilikuja baadaye. Wanaume wengi walibeba saa za mfukoni mpaka Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, ambapo askari waliona ni tabu kuingiza mkono mfukoni ndani ya handaki. Kwetu saa nyingi zilipitia njia ile ile ya vitambaa na mchele, yaani Bombay. Huko West End Watch Co. ilikuwa ikiuza saa zilizotengenezwa Uswisi tangu miaka ya 1880, na mojawapo, iliyoitwa Sowar, maana yake mpanda farasi, ilivaliwa sana Bara Hindi na Ghuba. Ya marehemu baba ilikuwa ya jina hilo.

Sasa tuitazame ndani. Ukitia ufunguo, unaikaza kamani. Kamani ikijikunjua husukuma magurudumu, na mwisho wake pana kizuizi kinachoachia jino moja moja kwa amri ya gurudumu la mizani, linaloyumba huku na huku kwa nguvu ya kamani nyembamba kama unywele. Saa nyingi za zamani hupiga mara 18,000 kwa saa moja. Nyingi za leo 28,800. Yale “mawe 17” yaliyoandikwa usoni ni yakuti ya kutengenezwa, iliyowekwa kupunguza msuguano. Hayo yanatosha kwa saa ya kawaida ya ufunguo. Mtu asikuuzie mawe kwa hesabu ya vito vya dukani.

Tarehe 25 Disemba 1969 kampuni ya Seiko ilitoa Tokyo saa ya Astron, iliyokwenda kwa betri na fuwele. Hiyo ilikosea kwa kadiri ya sekunde tano kwa mwezi, ilhali saa bora ya Uswisi yenye hati ya upimaji huruhusiwa kuchelewa sekunde nne au kutangulia sita kwa siku moja. Uswisi ilikuwa na wafanyakazi wa saa takriban 90,000 mwaka 1970. Katikati ya miaka ya 1980 walibaki kama theluthi moja. Na huku kwetu mafundi waliozeeka hawakupata wa kuwarithi.

Hapo ndipo msiba wangu ulipoanzia. Baba alipofariki, saa yake ilikuwa ikisimama-simama. Nikampelekea fundi mmoja mjini, ikarudi inang'aa, uso umepakwa rangi mpya, inakwenda barabara. Nilifurahi. Miaka mingi baadaye fundi mwingine aliifungua mbele yangu, akanionyesha kuwa mtambo uliomo si wake. Umetolewa katika saa nyingine. Kilichobaki cha baba ni kasha na kifuniko chake. Ndani ya kifuniko zimo alama alizokwaruza kwa sindano fundi wa Unguja, tarehe za kila aliposafisha. Simlaumu mtu kuliko ninavyojilaumu: niliitoa saa mkononi mwangu bila kuitazama ndani.

Basi, mwanangu, kabla ya saa mtafute fundi. Asiyeweza kupata wa kuisafisha kila baada ya miaka mitano hivi, na anunue ya betri kwa roho safi. Ukinunua ya zamani, omba ifunguliwe. Jina la kwenye mtambo likubaliane na la usoni. Uso uliochakaa lakini wa asili una thamani kuliko uliopakwa upya. Sikiliza ufunguo: ukaze kwa ulaini, usikwaruze. Usiitafutie usahihi, maana simu yako inao. Itafute kwa sababu hufa usipoitia ufunguo, na hufufuka ukiitia.

Nanyi jamaa wenye saa za wazee masandukuni: kabla hamjazitoa kwa yeyote, zifungulisheni mbele ya macho yenu, mpige picha mtambo na kifuniko, na muandike ilikuwa ya nani. Mimi sikufanya hivyo.

Wabillahi tawfiq.