Kanda Niliyoifuta

Mjukuu wangu, anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma, alinikuta siku moja ya kiangazi nimeketi chini ya mwarobaini nahangaika na redio yangu ya betri. Akaichukua simu yangu, akabonyeza hapa na pale, kisha akanivika visikilizio masikioni. "Babu," akasema, "hii siyo redio. Redio unaingoja wewe. Hii inakungoja yenyewe." Ndivyo nilivyoingia katika ulimwengu wa podikasti, nami nina miaka sabini na sita.

Sisi wa rika langu tulizoea kuingoja redio. Mwaka 1973, nikiwa mwalimu kijana, niliongoza kikundi cha wasikilizaji katika kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoshirikisha watu wapatao milioni 2 nchi nzima. Saa ya kipindi cha Radio Tanzania ilipowadia, wanakijiji waliketi kuizunguka redio moja, na aliyechelewa alikuwa amekosa. Tulipokwisha sikiliza tulisoma kijitabu, tukajadiliana, kisha tukakubaliana la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi ya mbu. Redio ilisema na kijiji kikajibu kwa jembe.

Podikasti husema na mtu mmoja mmoja, na kwa mzee asiyepata usingizi ni neema kubwa. Usiku nimesikia mijadala ya katiba na uchaguzi, na habari za muziki na tamthilia. Nilifurahishwa hasa na mazungumzo juu ya Ousmane Sembène wa Senegali, mwandishi aliyegeukia filamu kwa sababu wengi katika watu wake hawakuweza kuvisoma vitabu vyake. Nikajisemea kwamba huyu alitambua mapema jambo ambalo mimi, mwalimu wa historia, nilichelewa kulitambua: katika nchi zetu sikio lilitangulia jicho.

Lakini kipindi kilichoninyima usingizi kabisa kilihusu Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 katika Afrika ya Mashariki. Waliozungumza walikuwa wageni wawili, wasomi, tena wenye bidii. Waliyajua majina ya majenerali na ya vikosi vyao. Walisimulia jinsi Waingereza walivyoingia Dodoma mwaka 1916, na jinsi von Lettow-Vorbeck alivyosalimisha silaha zake Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, mwezi Novemba 1918. Dodoma ilipita kwa sentensi moja. Nikarudisha nyuma nikasikiliza tena, kwa maana chombo hiki kinaruhusu hivyo. Ilikuwa sentensi moja kweli.

Msomaji wangu, hapa Ugogo vita hiyo haikwisha mwaka 1918. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Waingereza walipofika nao wakachukua vilevile. Mikono ya kulima ikapungua na maghala yakabaki matupu. Mvua zilipokosekana, nchi haikuwa na akiba ya kujiokoa. Njaa iliyofuata, kati ya 1917 na 1920, wazee waliiita Mtunya. Wanahistoria wanakadiria kwamba watu 30,000 walikufa miongoni mwa wakazi 150,000 wa Ugogo. Hesabu hiyo ni rahisi hata kwa mtoto wa darasa la tatu: mmoja katika kila watano.

Ningeweza kuwalaumu wale wageni, lakini kuna jambo ambalo sijawahi kuliandika mahali popote. Mwaka 1978 nilikuwa mkufunzi katika chuo kimoja cha ualimu. Nilichukua redio kaseti ya chuo nikaenda na wanachuo wanne katika kijiji kimoja upande wa Bahi, kumhoji mzee aliyeiona Mtunya akiwa mtoto. Alizungumza kwa muda mrefu, kwa Kigogo, bila kuharakishwa. Alieleza jinsi baba yake alivyochukuliwa kubeba mizigo asirudi. Alieleza jinsi mama yake alivyokwenda mbali kutafuta mtama, na dada yake mdogo akabakia kwa wenye mtama huo. Alimtaja dada huyo kwa jina, si mara moja bali mara nyingi, kama mtu anayeita nje ya ua.

Miezi michache baadaye ulikuja ujumbe kwamba mgeni rasmi atatembelea chuo. Wanachuo walikuwa wameandaa ngonjera nzuri, na mkuu wangu akataka irekodiwe. Kanda mpya hazikupatikana madukani siku zile. Mimi ndiye niliyefungua kabati, nikaitoa kanda ya yule mzee, nikarekodi ngonjera juu yake. Hakuna aliyenilazimisha. Niliona kwamba ngonjera ni shughuli ya chuo, na maneno ya mzee ni hadithi tu. Historia ilikuwa katika vitabu vya mtaala, na Mtunya haikuwamo.

Jambo hili lina uchungu mwingine. Aliyezieneza ngonjera nchini alikuwa Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917 upande wa Ihumwa, Mtunya ilipokuwa inaanza. Ndiye huyo huyo aliyeandika Historia, Mila na Desturi za Wagogo, kitabu kilichochapishwa mwaka 1954, kwa sababu aliona wazee wanaondoka na maneno yao. Alifariki mwaka 1969. Nami nilitumia kipawa chake kimoja kuangamiza kile ambacho kipawa chake kingine kilitaka kukiokoa.

Ngonjera ile siikumbuki hata ubeti mmoja. Hadithi ya mzee naikumbuka kiasi. Jina la yule dada limenitoka kabisa. Nimelitafuta usiku mwingi, na hakuna mahali pa kurudisha nyuma.

Baada ya kukisikia kipindi kile nilimwomba mjukuu wangu anifundishe kurekodi kwa simu. Sasa tunatembea pamoja, Jumamosi mbili kila mwezi, kwa wazee wa vijiji vya jirani. Walioiona Mtunya wamekwisha ondoka wote. Tunaowakuta ni watoto wao, nao wamevuka miaka themanini. Kila rekodi mjukuu huitunza mahali pawili, na nakala moja tunaipeleka kwa familia yenyewe. Yeye anasema siku moja tutaifanya podikasti, kwa Kiswahili na Kigogo. Huenda ikawa, huenda isiwe. Vijana wana mitihani yao.

Zamani, nilipokwenda kuhoji, swali langu la kwanza lilikuwa juu ya mwaka. Sasa namwachia mzee atulie, anywe maji, kisha namwomba anitajie waliokuwa nyumbani kwao, mmoja mmoja, pamoja na wale waliobakia njiani. Mjukuu wangu huandika kila jina katika daftari kabla hatujaaga, hata kama simu imelinasa. Ameniuliza kwa nini tufanye kazi mara mbili. Nimempa sura hii aisome.